Sauti Chini ya Blanketi

Mama Pacha alisema, na aliapa kwa wale pacha wake wote wawili, kwamba alimsikia marehemu akitangaza. Alikuwa anakunja nguo upande wa pili wa ukuta, jua bado kali, hajalala wala hajasinzia. Mara ikaja ile sauti nzito, ya kubembeleza, iliyokuwa ikiwanyanyua watu vitini kila mwisho wa wiki, ikisema Stesheni ni mabingwa wa nchi. Shuka likamtoka mkononi. Mtu amezikwa, turubai la msiba limeshashushwa na viti vimerudishwa kwa wenyewe, halafu anatangaza mshindi wa fainali ambayo haijachezwa.

Habari ilipofika kwa kinyozi ilikuwa imeshaota miguu. Mama Pacha hakusikia magoli, lakini kinyozi alijua ni mawili kwa moja, na la pili limefungwa kwa kichwa. Mashabiki wa Kiwandani, wapinzani wao wa fainali, walinuna, wakasema yule bwana hata kaburini ana upendeleo. Wa Stesheni kila walipopita dirishani kwa mjane walipunguza mwendo na kutega masikio, halafu wakajifanya wanafunga kamba za viatu.

Mjane hakumkanusha jirani yake. Mama Pacha alikuwa amesikia kweli. Sauti ilitoka kwenye simu ya marehemu, na aliyeiwasha ni mjane mwenyewe, kwa kuwa mama mkwe alimwomba.

Marehemu watu walimwita Kipaza. Alikuwa mtangazaji wa mpira redioni, na kila siku ya fainali alikuwa akipiga kelele mpaka koo linakauka. Ukifika wakati wa kusoma habari za ushindi, sauti inakwaruza kama bawaba yenye kutu. Ndiyo maana akajizoesha kurekodi habari hizo nyumbani, mapema, mara mbili: tangazo moja la timu hii kuchukua kombe, na jingine la timu ile. Idadi ya magoli aliacha wazi, ataijaza mwenzake studio. Mpira ukiisha, tangazo moja linarushwa na jingine linafutwa.

Alirekodia chumbani, kakaa sakafuni kando ya kitanda, kajifunika blanketi gubigubi ili kuta zisirudishe mwangwi. Akitoka humo ameloa jasho utadhani ametolewa kwenye tanuri. Mkewe alikuwa akimcheka, anamwambia nchi nzima inadhani unakaa kwenye kiti cha kuzunguka, kumbe umekaa kama kuku anayeatamia.

Na alikuwa na utaratibu wake, ambao nje ya chumba kile hakuna aliyeujua. Timu aliyoona itafungwa ndiyo alianza nayo. Uongo unataka sauti mbichi, alisema. Ukweli hata ukiwa umechoka unajibeba. Akimaliza lile la uongo humwita mkewe. Mkewe huja akakaa kitandani, akafumba macho na kusikiliza. Akisema "nimeamini", Kipaza anaingia kwenye la pili. Akisema bado, blanketi linarudi kichwani.

Siku ile ya mwisho mkewe alikuwa kwenye foleni ya maji. Aliporudi alichungulia chumbani, akaona blanketi limekaa sakafuni na mtu ndani yake, ameinamia ukingo wa kitanda. Akajua bado anarekodi. Alishafanya kosa la kumkatiza zamani, akaangusha sufuria katikati ya ushindi wa watu, ikabidi Kipaza aanze upya. Kwa hiyo akatua ndoo taratibu, akavua ndala, akasimama ukumbini akiwa amebana pumzi. Alisimama mpaka maji kwenye ndoo yakatulia kabisa. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, kwamba hata angeingia mbio asingeokoa kitu. Mjane aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji bila kuihesabu.

Likabaki tangazo moja, la Stesheni.

Mama mkwe, ambaye maisha yake yote aliita mpira kukimbizana, sasa kila alasiri alitaka kulisikia. Anajitanda khanga vizuri, anasogeza kiti, anasema, "Haya mwanangu, niwekee." Mjane anaweka, kidole gumba kikiwa tayari juu ya kioo. Neno la mwisho likitoka tu, anazima. Mama mkwe alidhani ni kuhurumia betri. Kumbe baada ya neno la mwisho palikuwa na kitu kingine. Mjane alikisikiliza mara moja, bafuni, akimwaga maji kwa kopo ili asisikike, na hakurudia.

Maneno ya Mama Pacha hatimaye yakamfikia mhariri wa michezo wa redio, yule aliyekuwa bosi wa Kipaza. Alikuja mwenyewe, akaeleza kwa heshima. Stesheni wakishinda, filimbi ya mwisho ikilia tu, watarusha tangazo lile, na nchi itamsikia Kipaza kwa mara ya mwisho. Mama mkwe akauliza, na Kiwandani wakishinda je? Mhariri akakuna kidevu.

"Hapo hatutaweza, mama. Litakuwa uongo."

"Mwanangu hakuwahi kusema uongo redioni," alisema mama mkwe.

Tangu saa hiyo akawa shabiki. Alitaka kujua golikipa wa Stesheni ni yupi na ana watoto wangapi. Wachambuzi walipobishana redioni kuhusu kifundo cha mguu cha beki wa kushoto, yeye alikiombea kifundo hicho kwa jina. Kinyozi alimpelekea habari za mazoezini kama mtu anayepeleka taarifa ikulu. Alikuwa ameanza kula tena. Alimwambia mkwewe kwamba Mungu hawezi kuliacha neno la mwisho la mwanawe liwe la uongo, haiwezekani, na mkwewe alikuwa anaosha vyombo, akaendelea kuosha sahani ambayo ilishatakata.

Angesema nini? Kwamba Kipaza mwenyewe aliona Stesheni watafungwa? Alijiambia, mpira unadunda, huenda safari hii mume wake alikosea. Alikuwa hajawahi kumwombea mumewe akosee.

Siku ya fainali mhariri alirudi na kompyuta yake kuchukua sauti. Redio ilikuwa inaongea kwa chini: mwamuzi ni nani, nyasi zimelowa kiasi gani, nani ataanza benchi. Mjane alitaka kukata kipande mwenyewe, kisha ampe. Mhariri akasema haina haja, kazi hiyo ni yake, na simu ikawekwa mezani. Mama mkwe akasogeza kiti.

Sauti ikaja. Midomo ya mama mkwe ilikwenda nayo sambamba, alikuwa ameshalikariri lote, hadi pale ambapo Kipaza huvuta pumzi kabla ya kutaja kombe. Tangazo likaisha. Mjane akanyoosha mkono.

"Shemeji, subiri," mhariri akasema, akaisogeza simu upande wake. "Nataka nijue mwisho wake ni msafi."

Blanketi likachakarika. Mtu akapumua kwa nguvu, kama aliyepanda ngazi. Halafu Kipaza akaongea, siyo kwa sauti ya redio, kwa ile ya nyumbani.

"Mwenzangu, njoo unisikilize. Uniambie kama uongo umekaa vizuri, nimalizie la kweli, la Kiwandani."

Mhariri hakugusa kitu. Mama mkwe alikuwa bado amefungua mdomo, maneno aliyoyakariri yamekwisha.

"Mwenzangu?" ikasema simu.

Kikafuata kimya. Hakikuwa kimya kitupu, kilikuwa na mchakacho wa blanketi ndani yake, kisha hata huo ukakoma. Baadaye kwa mbali mlango ukafunguliwa. Ndoo ikatuliwa sakafuni, taratibu sana, na mtu asiyetaka kusikika. Ndala zikavuliwa, moja, halafu ya pili. Mama mkwe aligeuka akaitazama miguu ya mjane, akapandisha macho polepole mpaka usoni kwake.

Redioni uwanja ulilipuka kwa shangwe, timu zilikuwa zinaingia. Hakuna aliyeongeza sauti. Simu iliendelea kuhesabu sekunde, imejaa utulivu wa mtu aliyesimama ukumbini akiogopa kuharibu.

"Anakuita," mama mkwe alisema. Akaisukuma simu mezani, taratibu, mpaka ikafika mbele ya mkwewe. "Mjibu mwenzio."