Ukuta wa Bwana Keith

"Umelizika, Venant! Tatizo langu umelizika chini kabisa ya barua, halafu ukapanda maua juu yake!"

"Sijalizika, shemeji. Nimelisema kwa heshima."

"Liko wapi? Nionyeshe kwa kidole. Limekuja baada ya kumtakia afya njema Bwana Keith, familia yake na wafanyakazi wake wote. Baada ya kumshukuru kwa kutuamini. Baada ya kumwomba radhi kwa kumpotezea muda, na hapo bado unaendelea kumpotezea! Mtu akifika huko chini keshachoka, keshaenda kunywa chai."

"Hawanywi chai wale. Wanakunywa kahawa."

"Venant!"

Venant aliinua mikono juu kama mtu aliyeshikiwa bunduki, kisha akaishusha taratibu kwenye bakuli la karanga. Alikuwa mdogo wake Antoni, mume wa huyu Wilhelmina aliyekuwa akimfokea, na alifundisha Kiingereza shule ya sekondari. Kila siku akitoka kazini alipitia hapa Kiseke, Mwanza, kwa kaka yake, kula na kubishana.

Wilhelmina aligeuza kompyuta ili shemeji yake asome jibu lililoingia usiku. Lilikuwa la mistari miwili. Bwana Keith alishukuru kwa ujumbe mzuri, akasema michoro imependeza, na kwamba kesho asubuhi wataanza kukata mbao.

"Kesho yake ndiyo leo," Wilhelmina alisema. "Huku alasiri, kwao ndiyo kwanza kumekucha. Anafungua karakana sasa hivi. Tumemwambia kuna kosa, yeye ameelewa tunamsifia."

Hilo ndilo lililomchoma. Wilhelmina alikuwa na stashahada ya michoro ya majengo, na alikuwa amechorea makandarasi wa Mwanza miaka mingi kabla ya kampuni iliyomwajiri kupunguza watu. Sasa alichora kabati za jikoni kwa kompyuta, kwa wateja wa nje aliowapata mtandaoni. Bwana Keith, mwenye karakana ya useremala huko Kanada, ndiye aliyekuwa mteja wake wa kudumu. Yeye hutuma vipimo vya jiko. Wilhelmina huchora kila ubao, urefu wake, upana wake na mahali pa kila tundu. Vijana wa karakana hukata kama mchoro unavyosema.

Safari hii vipimo havikukubaliana. Ukuta wenye dirisha ulikuwa na urefu wake, umeandikwa. Lakini ukijumlisha kutoka kona hadi dirisha, dirisha lenyewe, na kutoka dirisha hadi mlango, vipande vilikuwa virefu kuliko ukuta wenyewe kwa kiasi cha kiganja. Kipimo kimojawapo kilikuwa cha uongo, na kipi, hakuna mtu ambaye angejua akiwa amekaa Kiseke. Kama kosa liko kwenye urefu wa ukuta, kabati zingeingia vizuri. Kama liko kwenye vipande, kabati ya mwisho ingeingia kwenye mlango. Wilhelmina alikuwa amemwomba Venant amwandikie Bwana Keith jambo moja tu: wapime tena ukuta ule kabla ya kukata.

"Mimi nimeandika," Venant alisema, akimenya karanga. "Ipo kwa maandishi. Mbao zikiharibika, tunamtolea ule ujumbe. Ushahidi tunao."

"Ushahidi nitaupika na nini? Mbao zikiharibika, jina lililo kwenye mchoro ni la nani? Lako?"

Venant alimenya karanga nyingine.

"Amesema jiko hili likienda sawa ananipa ghorofa zima. Majiko ya ghorofa zima, Venant. Likiharibika hatanitukana, wala hatadai kitu. Atatafuta mchoraji mwingine, basi."

"Sasa unataka tumwambie vipi? Kama ulivyomwambia yule wa kwanza?"

Hapo alimgusa penye kidonda. Mteja wake wa kwanza Wilhelmina alikuwa amemwandikia mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha chuoni, bila kuomba msaada kwa mtu. Alimwandikia: umekosea, pima tena. Kwake hayo yalikuwa maneno ya kazi. Hivyo ndivyo alivyozungumza na mafundi, na hakuna fundi aliyewahi kununa zaidi ya saa moja. Yule bwana alimpa nyota moja na kuandika, mahali ambapo dunia nzima inasoma, kwamba mwanamke huyu ni hodari lakini hana adabu. Wilhelmina hakulia. Alishusha mapazia ya nyumba nzima, akayafua, akayaanika, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kumuuliza kuna nini. Miezi ikapita bila kazi. Venant ndipo alipojitolea kuwa anamwandikia, na ukweli usemwe, maneno yake laini ndiyo yaliyomleta Bwana Keith.

"Si nilikuokoa?" Venant alisema, kana kwamba amesikia alichokuwa akikiwaza.

"Uliniokoa. Asante. Leo unanizamisha."

"Basi tulia, niandike mwingine sasa hivi." Alijivutia kompyuta, akakung'uta maganda ya karanga vidoleni na kuanza kuandika huku akijisomea kwa sauti ya misa. "Mheshimiwa Bwana Keith, kwa unyenyekevu mkubwa, na nikitambua shughuli nyingi zinazokukabili..."

Wilhelmina alimnyang'anya kompyuta.

"Shughuli inayomkabili ni msumeno!"

Alikaa nayo mapajani, karibu na dirisha, upepo wa ziwa ukipeperusha karatasi zake mezani. Hakuandika kitu. Alirudi nyuma kwenye mazungumzo, juu, juu zaidi, akiruka zile barua ndefu za Venant na kusoma za Bwana Keith peke yake. Alikuwa hajawahi kuzisoma hivyo. Siku zote zilipoingia alizipitia haraka, akitafuta tu kama amekasirikiwa.

Akafika kwenye ile ya droo. Aliikumbuka vizuri. Alikuwa amechora droo ambayo ikivutwa inagonga friji, kosa la kitoto, na ujumbe wa Bwana Keith ulipoingia masikio yake yalipata moto. Venant alitunga ukurasa mzima wa kuomba msamaha. Sasa aliusoma tena ule ujumbe, pole pole, kama anayesoma mchoro wa mtu mwingine. Droo ya chini inagonga friji. Naomba uisogeze leo. Kurasa nyingine ziko safi. Asante.

"Venant, njoo usome hii."

Venant alisoma. "Mkavu, lakini hajatukana."

"Hajatukana kabisa. Sasa angalia. Neno la kwanza ni nini?"

"Droo."

"Droo! Hakusema Wilhelmina. Hakusema umekosea. Droo inagonga friji, basi. Halafu kasema anataka nini, na lini. Halafu katia sukari kidogo, kaaga." Alisimama, akakaa tena. "Mimi yule wa kwanza nilimnyooshea kidole mwenyewe. Wewe huyu umemwimbia nyimbo mpaka ukuta haukuonekana. Wote wawili tulitakiwa tuseme ukuta."

"Na adabu je?"

"Adabu ni kumwahi kabla hajaharibu mbao zake."

Venant alitafuna karanga akifikiri. "Sawa," alisema mwishowe. "Wanafunzi wangu nawafundisha barua ya kuomba kazi. Ya kusimamisha msumeno haimo kwenye mtaala."

Wilhelmina alikuwa ameshaanza kuandika, kwa vidole viwili vilivyozoea zaidi kipanya kuliko herufi. Vipimo vya ukuta wa dirisha havikubaliani. Tafadhali msikate bado. Naomba mtu apime tena ukuta huo leo. Mengine yote yako tayari. Venant alibadilisha neno moja, akasema hivi ndivyo wanavyosema wenyewe, na Wilhelmina hakubisha kwa kuwa lilikuwa neno zuri. Akatuma.

Wakakaa kuutazama. Ujumbe ulikwenda, ukabaki haujasomwa. Nje jirani alikuwa akikaanga samaki sato na harufu yake iliingia yote sebuleni. Ujumbe bado haujasomwa. Wilhelmina aliona picha ya karakana kichwani: mtu anavaa kinga za masikio, simu imetupwa kwenye benchi katikati ya vumbi la mbao, kijana anaweka bodi ya kwanza juu ya meza ya msumeno.

"Nampigia," alisema.

"Unampigia nani?"

"Keith."

Venant aliacha kutafuna. "Shemeji. Hajawahi kuisikia sauti yako. Anakujua kwa Kiingereza changu. Leo anasikia kingine kabisa, atauliza yule aliyekuwa anaandika yuko wapi."

"Nitamwambia yuko hapa, amekaa kwenye sofa langu anamaliza karanga zangu."

"Sitanii."

"Hata mimi."

Lakini simu hakuigusa, na Venant aliliona hilo. Kiingereza Wilhelmina alikisoma bila shida na alikielewa akikisikia. Kukisema ndiko kulikomgeuza kuwa mtu mwingine. Mwanamke ambaye alimfukuza msimamizi wa ujenzi kwenye msingi uliopinda, mbele ya mafundi wake, akifungua mdomo kwa Kiingereza alirudi kuwa binti wa kidato cha kwanza anayesimama darasani na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Na ulimi wake wa Kisukuma ukipata hofu huchanganya r na l unavyotaka wenyewe.

"Basi niongee mimi," Venant alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha. "Kwa nia njema kabisa. Najitambulisha, nasema ni msaidizi wako, namwambia asikate."

Lilikuwa jambo jema, na Wilhelmina alilipima kama anavyopima kitu chochote. Venant angesema vizuri. Yule bwana angefurahi kumsikia. Halafu?

"Akikuuliza ukuta upi, kutoka kona ipi?"

"Utaninong'oneza."

"Nikunong'oneze Kiswahili, wewe umwambie Kiingereza, yeye aulize, wewe unigeukie? Msumeno utakuwa umemaliza bodi zote. Hapana. Jiko nalijua mimi." Alichukua simu na kutazama kama ina chaji na bando. "Lakini kaa hapa, mbele yangu. Nikikwama nitakutazama. Unipe neno moja. Sentensi sitaki."

"Neno moja," Venant alikubali. Akasogeza bakuli pembeni, akajifuta mikono kwenye suruali na kukaa wima kama yuko kwenye usaili.

Wilhelmina alifunga dirisha kupunguza kelele. Akajifunga vizuri kilemba, kwa sababu ilikuwa simu ya video na hakuwa mtu wa kuonekana ovyo. Sentensi ya kwanza aliisema kimoyomoyo mara moja, akajizuia asiirudie, maana alijijua: angeirudia mpaka Kanada waende chakula cha mchana.

Akabonyeza.

Iliita kwa muda mrefu. Alikuwa ameanza kuamini haitapokelewa pale uso ulipotokea, wa mzee mwenye ndevu nyeupe zilizojaa vumbi la mbao, kinga za masikio zimening'inia shingoni. Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma.

"Habari za asubuhi, Bwana Keith," Wilhelmina alisema kwa Kiingereza. "Mimi ni Wilhelmina. Tafadhali zima msumeno. Ukuta wa dirisha una tatizo."

Mzee aliisogeza simu karibu. Akageuka, akainua mkono na kupaza sauti kwa mtu ambaye hakuonekana. Mngurumo ukashuka, ukashuka, ukakata.

"Bodi bado nzima," alisema. "Tulikuwa tunaipasha moto mashine. Niambie."

Wilhelmina alimwambia. Alisema vipande vitatu vinazidi ukuta. Alisema vinazidi kiasi gani. Alishika karatasi ya mchoro mbele ya simu na kupitisha kidole kutoka kona hadi dirisha, kutoka dirisha hadi mlango. Alipotafuta namna ya kusema kwamba kimojawapo ni cha uongo bila kumwita mtu mwongo, alimtazama Venant, na Venant akampa neno lake moja, dogo, safi. Alilichukua akasonga mbele. R na l zilibadilishana mahali mara mbili tatu. Bwana Keith hakushtuka. Alikuwa anatazama kidole.

"Mlango," alisema yule mzee akikunja uso. "Kabati ingekaa kwenye mlango."

"Labda. Sijui kipimo kipi ni sahihi. Ukuta ndio unajua. Naomba mtu aende na futi ya kupimia, leo."

Bwana Keith alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kwa nini hukuniambia jana?"

Venant aligeuka kutazama dari. Wilhelmina alikuwa na majibu mengi, na mengine yangemsafisha yeye peke yake.

"Tuliandika, lakini hatukuandika wazi," alisema. "Kuanzia leo nikiona tatizo kubwa napiga simu. Nitapiga mimi mwenyewe, na Kiingereza changu ndiyo hiki."

"Kinanitosha," mzee alisema, na papo hapo akageuka tena na kumwita mtu kwa jina. Kijana mmoja alipita nyuma yake akivaa koti, futi mkononi, akitoka kwenda kwenye jiko lenyewe.

Wilhelmina alivuta kiti mezani, akakunjua mchoro wote na kuushikilia kwa kiwiko.

"Mwambie aanzie kwenye kona," alisema. "Apime chini, halafu apime na juu. Mimi nipo, nasubiri."

Akachukua kalamu.