Nisamehe, Clarisse

Wanawake wa kanisani kwao Doonside, pembeni mwa jiji la Sydney, walimwonea Léocadie wivu: mume anafanya kazi nyumbani, tena ndani ya kabati! Anicet aliigiza sauti za Kifaransa katika katuni za Kijapani, kazi aliyoianzia Paris na kuja nayo Sydney. Kabati la nguo ndilo lililokuwa studio yake, kwa kuwa makoti na mablanketi yalimeza mwangwi. Humo alikufa, akafufuka, akawabembeleza mabinti wa kifalme, na Léocadie akaendelea kukoroga sombe yake ya majani ya muhogo jikoni bila kubabaika.

Alishamjua. Anicet hakuwahi kuridhika na maneno aliyoyasema mara moja. Ilibidi yaende sawasawa na midomo ya watu wa kuchorwa, kwa hiyo aliitazama ile midomo, akasema, akakohoa kidogo, akasema tena kwa utamu zaidi, mpaka mkewe naye akayakariri.

Jumanne moja akamsikia, kwa Kifaransa: "Nisamehe, Clarisse. Nitakuja."

Hakukohoa wala hakurudia.

Mwiko ukamponyoka Léocadie. Akajipoza roho kwamba huenda Clarisse naye ni binti wa kifalme. Lakini binti wa kifalme si angeombwa msamaha hata mara kumi? Huyu ameombwa mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu wa kweli.

Anicet alipotoka kabatini, shati limelowa jasho, alimkuta mkewe amesimama mlangoni.

"Baba Bénie, Clarisse ni nani?"

"Ah! Ni wa mu katuni, Mama Bénie. Ni kazi tu."

"Sasa mbona haukurudilia?"

Anicet akageuka kufunga mlango wa kabati. Léocadie aliogopa, tena sana. Alimpenda mwanamume huyu, na alichotaka ni kupewa sababu ya kumwamini.

"Uniambie ukweli," akasema. "Hata kama ni mubaya."

Anicet akamshika mikono yote miwili. "Naapa mbele ya Mungu, sina bibi mwingine. Nakupenda weye peke yako."

Maneno yakamwingia. Mabega yakamlegea, na tabasamu likaanza kumjia.

Anicet akaitazama midomo ya mkewe, akakohoa kidogo, akasema tena kwa utamu zaidi.