Pumzi ya Kukaa Kitako

Sisi wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Wisconsin kuna jambo moja hatubishani: ng'ombe akilala chini siku mbili bila kusimama, mhesabu amekufa. Tunamsukuma, tunamfunga mikanda, tunamwinua kwa mashine, ilimradi asimame.

Kwa hiyo Verlyn, mume wangu, alipotoka hospitali baada ya korona kumla mapafu wiki tano, nilijua la kufanya. Mimi tena, mjuaji.

"Inuka, bwana! Tangu lini mwanamume akanywa kahawa amelala?"

"Naja, bosi," alinijibu, akajikongoja.

Kitandani alikuwa na mzaha tele. Nikishamkalisha mezani anakuwa bubu, midomo inageuka rangi ya majivu. Nikasema anadeka tu. Nesi Jolene alikuwa akija kila asubuhi, anamkuta bado kitandani, anambana kidole kwa kile kipimo cha oksijeni: tisini na tano kwa mia.

"Anaendelea vizuri, mama."

Basi nikazidi kumkalisha.

Jumanne moja Jolene alichelewa, akatukuta mezani na viazi na nyama. Akampima palepale. Themanini na mbili. Alidhani kipimo kimeharibika, akajipima mwenyewe, kilikuwa kizima.

"Mlaze, mama. Mlaze sasa hivi!"

Tukamlaza chali. Baada ya dakika tano, tisini na nne. Jolene akampigia daktari, wakazungumza kwa muda, kisha akanigeukia.

"Mapafu yake huku chini bado ni mabovu. Akikaa, damu inateremkia hukohuko, inarudi bila hewa ya kutosha. Akilala, inagawanyika. Kesho wanataka kumwona. Kwa sasa mwache alale, tutamwinua kidogokidogo huku tunapima. Atapona, ila si leo wala kesho."

Jolene akaaga, akaondoka. Siku kumi na moja nilikuwa namnyonga mume wangu kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa mapenzi. Nani aliona haya kama mimi? Niliketi ukingoni mwa kitanda, nikalia, nikamuuliza kwa nini hakusema kitu.

Verlyn alinishika mkono.

"Kila nikikaa mezani, wewe ulikuwa unaimba huko jikoni," alisema. "Sikuwa nimekusikia ukiimba tangu niugue."