Saa ya Baba na Matanga ya Magurudumu

Niliota usiku wa jana kwamba saa ya baba imenialika msibani.

Sikushangaa. Nilikuwa nimeiacha mezani imefunguliwa mgongo, nimeifunika bilauri vumbi lisiingie. Ni saa ya mkono ya zamani, ya kutia ufunguo, ambayo marehemu mama alimnunulia baba walipooana. Ilisimama majuzi tu, siku zilezile baba alizoanza kupanda mlima kwenda kumsalimu Bi Nakijwa, mjane wa kijiji cha juu yetu hapa Usangi. Baba akaamua kwamba mama amekataa.

"Saa imekufa, Namkunda," aliniambia. "Mama yako amesema. Mimi siposi mtu."

Tangu hapo anashinda barazani, ndevu hazinyolewi, chai inapoa mbele yake. Mimi ni fundi cherehani, si fundi saa, lakini skrubu ni skrubu. Nikaazima kibano, nikanunua benzini kidogo, nikaisafisha kipande kwa kipande. Kila kitu kilikuwa kizima. Saa haikutembea.

Ndotoni, basi, ninapiga hodi kwenye kifuniko cha saa.

"Karibu. Pole na msiba," linajibu gurudumu kubwa la shaba. Limejifunga kanga kiunoni.

Ndani pametandikwa mikeka. Magurudumu yote yameketi yamenyoosha miguu. Vile vijiwe vyekundu vinavyoshikilia ekseli viko uani vinapika pilau. Kamani, ile springi ndefu inayoisukuma saa nzima, imejikunja kwenye kona inakunywa chai ya tangawizi.

"Nani amefariki?" nauliza.

"Saa."

"Saa gani?"

"Hii."

"Lakini ninyi mmo ndani yake, na mnakula."

"Ungetaka tufiwe na njaa juu?"

Nawauliza nani amewaambia saa imekufa. Gurudumu linanitazama kwa huruma. "Baba yako mwenyewe, Mzee Senkondo, kwa kinywa chake. Sisi tunavaliwa tu, hatubishani na mwenye mkono."

Kamani inanivuta sikio. "Mimi mzima, mwanangu. Nina nguvu za kuvuta toroli la matofali. Lakini nitamsukuma nani, na wenzangu wamekaa matanga?"

Nawaomba wainuke. Wanakubali, mradi wapakwe mafuta kwanza, maana viungo vimekakamaa. Kanuni ya saa ni tone moja tu. Nachovya sindano, natoa tone moja, nalo linaanguka likiwa kubwa kama ng'ombe. Linapita taratibu mikekani, linampa kila mmoja mkono.

"Kidogo kidogo jamani," linasema. "Nikizidi mtanatana, halafu mtanilaumu."

Kanuni nyingine ni kukaza skrubu kwa mkono mwepesi. Nakaza. Mkono wangu unakuwa mwepesi mno, unapaa, nami nafuatana nao kwa sababu tumeungana begani. Magurudumu yananishika miguu kunizuia, nayo yanapaa. Tunapenya juu wote pamoja na sufuria la pilau.

Tunatua kwenye uso wa saa. Ni mweupe na mpana kama uwanja wa shule uliopakwa chokaa. Mshale mfupi umesimama kwenye namba moja, umenuna.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Saa ngapi?"

"Umesimama kwenye moja, kwa hiyo ni saa saba."

"Umeona!" unapiga kelele, ukiwageukia wengine. "Nikisimama kwenye moja, mnasema saba. Nikisimama kwenye saba, mnasema moja. Kuna mtu wa nchi hii aliyewahi kuniamini?"

"Tunakuamini. Ila tunatazama upande wa pili."

"Ndivyo mnavyosema wote."

Nauomba radhi kwa niaba ya taifa. Unapoa kidogo. Nauliza mbona hausogei, unasema mguu umebanwa na kitu, nimuulize mama yangu. "Yuko pale kwenye sita. Kwenu ninyi, kumi na mbili."

Kweli, mama yupo. Amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi mbichi, maganda yanaangukia kwenye beseni lake la bluu. Nasahau kwamba ninaota, nasahau saa. Nataka kukimbia, lakini uso wa saa unateleza, nafika kwa makalio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Shika kisu."

Namenya ndizi mbili tatu ndipo napata ujasiri. "Mama, umemkataza baba asioe?"

Anacheka mpaka ndizi inamtoka mkononi. "Mimi? Baba yako hajui hata kuchemsha yai, mimi nimkataze mke? Saa sikuisimamisha. Wewe umeiosha mgongo, uso hukuugusa."

"Niliogopa kukwaruza namba."

"Njoo."

Anainua ukingo wa uwanja kama anavyoinua mkeka akitaka kufagia. Chini yake kuna kamba ya rangi ya chungwa, nene kama mzizi wa mfenesi, imeuzunguka mguu wa ule mshale.

"Uzi wa sufu," anasema mama. "Nakijwa amemfumia sweta. Baba yako anaivaa akienda huko, na saa anaifunga juu ya mkono wa sweta."

"Baba hana sweta ya rangi ya chungwa."

"Anayo. Akirudi anaificha chini ya godoro, upande wangu."

"Upande wako?"

"Ndiko anakodhani hutapekua. Mwambie aitoe, huko kuna unyevu."

Tunaishika kamba. Mama mbele, mimi nyuma yake, magurudumu nyuma yangu, vijiwe mwishoni na miiko yao. Tunavuta. Kamba inachomoka, tunaangukiana, mshale mfupi unaruka kutoka kwenye moja hadi kwenye mbili.

"Saa nane!" napiga kelele.

"Asante," unasema mshale, machozi yanautoka.

Mama anajifuta mikono. "Amka," anasema. "Umelalia mkono."

Niliamka. Mkono ulikuwa umekufa ganzi na kumekucha, baba akikohoa barazani. Nilikaa mezani nikaondoa bilauri. Nilitoa mishale, kisha uso wa saa, pumzi nimeizuia. Pale chini, penye mguu wa mshale mfupi, palikuwa na kiuzi cha sufu kifupi kuliko kope. Cha rangi ya chungwa.

Nilikitoa kwa kibano. Nilirudisha vitu vyote mahali pake, nikaitia saa ufunguo. Ikaanza kutembea.

Nilikwenda barazani, kiuzi kiko kwenye ncha ya kidole.

"Baba, ile sweta isije ikaota ukungu."

Alikitazama kile kiuzi. Akanitazama mimi. Masikio yake yalitetemeka.

"Nani amekuambia kuna sweta?"

"Mama."

Hakuniuliza mama yupi, wala lini. Alichukua saa, akaiweka sikioni, akafumba macho. Kisha aliinuka akaingia chumbani, nikasikia godoro likiinuliwa.

Alipotoka alikuwa ameivaa. Mikono ilimzidi kidogo.

"Nichemshie maji, mwanangu," alisema. "Nataka kunyoa."