Dodoso Refu la Wifi

"Magoti yangu haya ni ya msichana," Fundi Cherehani alimwambia nesi, kisha akanyoosha mkono avutwe ainuke kitini.

Nesi alimvuta, akaandika alivyoambiwa: hana maumivu. Dodoso likawa limekwisha. Maswali yenyewe yalikuwa ya kuonja tu: unatembea, unaoga, unafanya kazi, unaumwa, una wasiwasi? Fundi aliyajibu kwa majivuno, maana kwenye benchi nje ya pazia alikaa wifi yake, mke wa kaka yake, anayeishi naye ua mmoja, na masikio ya wifi hayalali.

Wifi akaingia, Fundi akakalia benchi. Akasubiri, akasubiri tena. Nyuma ya pazia maswali hayakuisha. Usingizi je? Hamu ya kula? Ngazi? Wifi alijibu taratibu kama anayepepeta mchele. Mara nesi anacheka, mara anasema pole. Alipoulizwa kama ana mtu wa kumweleza yaliyo moyoni, wifi akasema anaye, kila jioni wanasimuliana mpaka usingizi unamchukua.

Moyo wa Fundi ukaungua kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Nani huyo tena? Na yeye mbona hakupewa pole hata moja? Tangu mumewe afariki, watu humuuliza gauni litakuwa tayari lini, basi.

Wifi alipotoka, Fundi akamvaa nesi. Kwa nini yule aliyetoka kapimwa bega hadi kifundo, yeye akakadiriwa kwa macho? Nesi akamweleza kwamba madodoso ni mawili, fupi na refu, na kila mgonjwa wa magoti atajibu yote mawili, ili kliniki ijue ni lipi linaloonyesha vizuri zaidi mtu anavyoishi na ugonjwa wake. Yeye alianza na fupi, wifi na refu. Sasa ni zamu yake ya refu.

Kufumba na kufumbua, magoti ya msichana yakazeeka. Kulala, halali. Ngazi, huziona ndotoni tu. Nesi akauliza ndoto zinatoka wapi bila usingizi. Fundi akajifanya hakusikia. Pole zikamiminika, naye akaona anakaribia kumpita wifi.

"Una mtu wa kumweleza yaliyo moyoni?"

Fundi akainamisha kichwa. "Sina, mwanangu. Jioni nakaa na cherehani yangu, kimya. Hata wa kunisalimia simpati."

Nesi akaweka kalamu chini, akamshika mkono. Wifi hakushikwa mkono. Fundi alikuwa amechungulia.

Sauti ikatoka benchini. "Wifi, fanya haraka. Jana usingizi ulinichukua kabla hujaniambia yule jirani alijibu nini."

Nesi akatazama pazia, akamtazama Fundi. "Huyo ni nani, bibi?"

"Mpita njia."

Pazia likasogea, mkono ukaingia. "Na miwani yako hii, ulinipa nikushikie."