Herini za Nisreen

Kila fundi wa jenereta ana uongo mmoja anaousema bila kukunja uso: imebaki kidogo. Shiko wa mtaa wa Satellite, Nairobi, mama mwenye kibanda cha mabati na mikono isiyotakata hata Krismasi, aliusema Jumamosi hiyo mara tatu kabla ya saa saba, na mara zote tatu kwa watu wale wale wa Uthiru.

Jenereta iliyokuwa kibandani kwake tangu katikati ya wiki ilikuwa ya Mzee Waithaka, mwalimu mstaafu ambaye mapafu yake yalichoka kabla ya mengine yote. Aliishi kwa mashine ya oksijeni inayotumia stima, na alfajiri hiyo transfoma ya mtaa ilikuwa imelipuka. Mtungi wa akiba ungemfikisha saa nane mchana, basi. Binti yake, Everlyn, alimpigia Shiko, Mama Ciru kwa wateja wake, saa nne.

"Mama Ciru, generator imefika wapi?"

"Eve, imebaki tu kidogo. Twenty minutes, naileta."

"Sure? Daddy ameanza kuogopa."

"Mwambie atulie. Nakuja."

Alikuwa akisema hayo huku amepiga magoti chini ya meza, akichekecha mchanga kwa kichujio cha chai. Valvu ya injini hushikwa na springi, na springi hushikwa na vipande viwili vya chuma, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mahindi. Vipande hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa havionekani. Jenereta yenyewe ilikuwa ya zamani sana, spea zake zilishasahaulika hata Kirinyaga Road, wanakouza kila kitu. Alijaribu vipande vya mashine nyingine, springi ikaruka na kumpasua mdomo. Akajaribu kufunga kwa waya, waya ukakatika. Saa tano na nusu Everlyn akapiga tena, naye akasema tena imebaki kidogo, damu ikimchuruzika kidevuni.

Sasa, Shiko hakuwa fundi wa injini tu. Injini ikifa, aliichambua akatoa vinavyong'aa. Ringi ya pistoni ikawa bangili, bearing ikawa pete, mnyororo wa ndani ukawa mkufu. Hakuuza hata kimoja. Mteja wake akiolewa au akibatiza mtoto, alipelekewa zawadi, na wanawake wa Riruta waliocheka kwamba anavalisha watu skrepu, vyuma chakavu, walikuwa wa kwanza kuuliza, "Na yangu je?" Kwa kazi hiyo alikuwa na sheria moja. Vyuma vya kurudi kwenye injini vilioshwa katika sufuria yake ya mafuta taa, na vya mapambo katika sufuria nyingine. Alhamisi sufuria moja ilitoboka. Akaviosha vyote pamoja, akijiambia kwamba macho yake yanavijua.

Macho gani! Saa sita aliketi juu ya mtungi wa gesi mtupu, akavitazama vile vipande viwili vya valvu ya pili ya injini ile, vilivyong'aa kwenye kitambaa, na akakumbuka. Alikuwa ametengeneza herini Alhamisi hiyo hiyo. Vijichuma viwili vidogo, vilivyojipinda vizuri kama vimefinyangwa. Alikuwa amempelekea Nisreen, binti wa Abdulrauf muuza spea, ambaye leo ndiyo harusi yake.

Simu ikalia. "Niko tu kwa njia, Eve, imebaki kidogo," alisema, na safari hii angalau alikuwa anatafuta bodaboda.

Duka la Abdulrauf lilikuwa limefungwa, wanaume wako msikitini. Juu, ghorofa ya tatu, nyumba ilijaa wanawake, udi na sahani za halua. Shiko alisimama mlangoni na ovaroli yake, mdomo umevimba, vishindo vya vigelegele vikikatika kimoja kimoja. Mabruka, mama wa bi harusi, alimjia mbio.

"Mwanangu, umepatwa na nini? Nani kakupiga?"

"Mama Mabruka, nisamehe. Zile herini. Nazitaka."

"Herini zipi?"

"Zenye nilimpea Nisreen. Nilikosea. Ni za injini ya mgonjwa. Oxygen yake inaisha saa nane."

Mabruka aliwatazama wageni. Zawadi kurudishwa siku ya harusi, mbele ya wakwe! Wanawake wawili walishaanza kunong'ona. Lakini Nisreen, aliyekaa juu ya mto na michoro ya piko haijakauka mikononi, aliinamisha kichwa upande mmoja.

"Nivue, mama. Mimi siwezi kushika. Mtu anakosa pumzi huko, sisi tunatazamana!"

Mabruka alizitoa mwenyewe, akamwekea Shiko kiganjani. Shiko akazisogeza dirishani kwenye mwanga, na hapo ndipo alipoona kazi yake mwenyewe. Kwa ndani, vipande hivyo huwa na ukingo mwembamba, na huo ukingo ndio unaoshika valvu. Haukuwepo. Alikuwa ameusaga wote, kwa uangalifu, kwa nusu saa nzima, usije ukamkwaruza bi harusi shingoni.

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Miaka kumi na minne ya ufundi, na hakuwahi kumwambia mteja maneno aliyokuwa nayo sasa kooni. Aliona haya hata mbele ya simu.

"Eve. Generator haitawaka leo. Mtoe Mzee. Mpeleke hospitali saa hii, kwa gari yoyote."

Simu ikakatwa.

Munir, kaka yake Nisreen, aliitwa kutoka msikitini, akamchukua Shiko wakambebe Mzee kwa pikapu ya duka ambayo ilikuwa imeshafungwa maua. Barabarani, Waiyaki Way, magari yalikuwa yameshikana. Shiko alimwomba Mungu wa kanisani kwake, kisha akamwomba Munir amwombe wake. Alimpigia Everlyn mara tisa, hakupokea.

Walifika saa nane na robo. Mlango ulikuwa wazi, na Everlyn ameketi kizingitini, miguu mitupu yenye vumbi la kukimbia kutafuta gari. Hakuinuka alipoiona pikapu. Nyuma yake, sebuleni, jirani mmoja alikuwa amemfunika Mzee Waithaka shuka hadi kichwani.

Shiko alishuka, akapiga magoti pale pale kwenye kokoto.

"Saa nne jirani yetu Kuria alikuwa hapa na gari ya kumpeleka hospitali," Everlyn alisema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Alikuwa ashawasha. Daddy alikuwa ashavaa viatu. Nikamwambia Kuria aende tu, sababu wewe umesema ni twenty minutes."