Sikio la Kushoto

Kufungwa ugenini si ajabu, hata wakubwa hufungwa. Lakini kufungwa tano kwa moja, na mabao yote matano yakapita juu ya bega lako lilelile la kushoto, hapo usimsingizie refa wala nyasi.

Beki huyo wa kati walimwita Komeo, kwa sababu miaka sita mlango wa timu yake ulifungwa naye. Sikio lake la kushoto lilikufa akiwa na miaka saba, baada ya homa kali, na klabu haikuwahi kujua. Ingejua, ingemwachia mwingine jezi yake siku hiyohiyo. Wenzake walipomwita asigeuke walimtania kwamba sikio la kufa halisikii dawa, naye akacheka kuliko wao wote.

Waliojua ni wawili tu. Wa kwanza ni dada yake mdogo, ambaye utotoni alimshika mkono wa kushoto kila walipovuka barabara. Wa pili ni kipa wa timu, mume wa dada huyo. Shemeji hasa, wa kufa na kuzikana. Uwanjani alisogea kulia kwanza ndipo ampigie kelele. Kwenye basi alikaa kulia kwake, mezani alikaa kulia kwake, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Leo wenyeji walikuja na mpango mmoja tu. Winga wao alijificha nyuma ya bega la kushoto la Komeo, akangoja mpira mrefu, akachomoka. Bao la pili, la tatu. Kabla ya kona moja, winga huyo alisimama karibu naye akapiga makofi mawili kando ya sikio lile. Komeo aliiona mikono kwa pembe ya jicho, akiwa amechelewa. Winga alikuwa tayari anamwonyesha kocha wake dole gumba.

Filimbi ya mwisho ilipolia, winga huyohuyo alimfuata, akamzunguka mpaka upande wa kulia ndipo akasema, "Pole, kaka mkubwa. Sisi tuliambiwa tu."

Tuliambiwa. Komeo aliingia chumba cha kubadilishia nguo na neno hilo kama mtu aliyekanyaga mwiba. Wenzake walikuwa wanaoga. Akakaa kwenye benchi mbele ya sinki, akaanza kubandua plasta kwenye vifundo vya miguu. Shemeji akaja akakaa kushoto kwake, akampa kisogo nusu, akatoa simu. Hakunong'ona sana. Kwa nini anong'one? Upande ule kwake ulikuwa ukuta.

Ila kuna jambo moja Komeo hakuwahi kumwambia hata yeye. Darasani, mtoto wa sikio moja alijifunza kuwasoma walimu midomo. Na juu ya sinki palikuwa na kioo.

"Mke wangu, nimeharibu," midomo ilisema kiooni. "Ni mimi. Kwenye ile kozi ya makipa. Kipa wao alikuwepo, nikajisahau nikasema bila mimi Komeo si kitu, masikio yake ni mimi." Ikanyamaza, ikasikiliza. "Nilichoka. Kila siku Komeo, Komeo. Mimi je?" Ikasikiliza tena, safari hii kwa muda mrefu. "Jua? Haya, nitasema jua."

Komeo aliendelea kubandua plasta. Ilikuwa imekwisha, lakini vidole viliendelea. Afadhali angetukanwa mbele ya uwanja mzima kuliko kuuzwa kwa ajili ya sifa, na mtu ambaye yeye Komeo alimkabidhi dada yake kwa mkono wake mwenyewe.

Kocha aliingia, daftari kwapani. Waliokuwa wanaoga wakatoka mmojammoja na mataulo yao.

"Komeo," kocha alisema, "wenzetu wanajua kitu juu yako ambacho mimi sikijui. Ni nini?"

Shemeji aliinuka upesi, akazunguka, akaweka mkono kwenye bega la kulia. "Kocha, lilikuwa jua. Lilimpiga machoni upande ule, hata mimi nililiona."

Sauti ilikuwa ileile ya miaka sita, ya kumtetea. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

"Si jua," Komeo alisema. "Sikio langu la kushoto halisikii. Tangu utotoni."

Maji yalikuwa bado yanachuruzika bafuni. Kocha alifungua daftari, akalifunga bila kuandika.

"Nani alikuwa anajua?"

"Watu wa nyumbani."

"Jumatatu utapimwa. Mpaka majibu yatoke, huchezi."

Kwenye basi, Komeo alikaa dirishani, lakini upande usio wake, sikio zima likielekea kioo. Shemeji alisimama kwenye njia, begi mkononi.

"Shemeji, basi hamia upande wa pili. Nikikaa hapa hutanisikia."

"Kaa tu. Kule chumbani ulikuwa upande huuhuu, na nilikusoma midomo kiooni."

Shemeji aliweka begi sakafuni, akakaa.

Basi lilikuwa halijatoka getini simu ya Komeo ilipoita. Dada yake. Akaiweka kwenye sikio la kulia, akashusha pumzi. Huyu angemwambia. Huyu alikuwa damu yake.

"Kaka, pole sana," alisema dada. "Nimesikia jua lilikupiga machoni upande ule."

Komeo aliibana simu sikioni. Akampa nafasi nyingine. "Nani kakwambia?"

"Si watu tu. Hata redioni wamesema."

"Ndiyo, mdogo wangu. Jua lilikuwa kali."

Dada akaendelea kuongea. Komeo akaihamisha simu, taratibu, mpaka sikio la kushoto, akaishikilia hapo huku shemeji yake akimtazama.